Kwa Heshima ya Ndoana

Soweto East, hapa Kibera, Nairobi, hatuna uhaba wa sifa. Mwanasiasa husifiwa jukwaani kabla hajafanya lolote. Marehemu husifiwa kaburini na mwenye kibanda anayemdai unga wa miezi miwili. Lakini sijawahi kusikia mtu akisimama kuisifu ndoana ya cherehani, na mimi fundi wa nguo, ambaye imenilisha, imenitukanisha na kunikesheza, naona deni hilo ni langu.

Sisemi ndoana ya kuvulia samaki. Nasema kile kijichuma cha mviringo chenye ncha kama mdomo wa ndege, kinachozunguka chini ya bamba la mashine, gizani, kati ya mafuta na vumbi la nyuzi. Wateja wangu hawajawahi kukiona. Huona sindano iking'aa, ikipanda na kushuka, wakadhani ndiyo inayoshona. Sindano haishoni. Sindano hutoboa tu na kupeleka uzi chini, kama mtu anayegonga mlango. Anayefungua ni ndoana.

Ada ya sifa ni kuanza na nasaba, basi nasaba yake ni hii. Ndoana ya kuzunguka ilipewa hataza Marekani tarehe 12 Agosti 1851, kwa jina la Allen B. Wilson. Siku hiyohiyo Isaac Singer naye alipewa hataza ya cherehani yake, ambamo uzi wa chini uliendeshwa kwa kwenda na kurudi, kama kwa mfumaji. Jina la Singer likasafiri hadi kwenye baraza za pwani na maduka ya bara, likaandikwa kwa rangi ya dhahabu shingoni mwa mashine za bibi zetu. Jina la Wilson halijulikani hata kwa mafundi. Ila ukifungua mashine ya umeme iliyo mbele yangu, iliyotoka kiwandani ikiwa imeshazeeka, utakuta chini ya bamba kinachozunguka ni kitukuu cha wazo la Wilson. Mmoja alibaki na jina, mwingine akabaki na kazi. Ndoana haijawahi kulalamika.

Sifa yake kuu ni kushika miadi. Sindano hushuka mpaka mwisho, kisha huanza kupanda. Ikipanda kama milimita 2, uzi uliobanwa na kitambaa hulegea na kufura upande mmoja wa sindano, ukafanya kitanzi kidogo. Hapo ndipo ncha ya ndoana inapotakiwa kufika, si mapema wala baadaye, ipite penye kibonyeo cha sindano, juu kidogo ya tundu, ikinase kitanzi, ikipanue na kukivusha bobini nzima, kijigurudumu kilichobeba uzi wa chini, mpaka uzi wa juu uukumbatie uzi wa chini. Kati ya ncha na sindano nafasi ni unene wa karatasi, si zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikikaribia mno hukwaruza sindano. Ikijitenga hupita bila kitanzi, na mshono huruka.

Sasa tia hesabu. Juki DDL-8700, mashine ya kiwandani ya mshono wa kunyooka, imeundwa kufikia mishono 5,500 kwa dakika. Ndoana huzunguka mara mbili kwa kila mshono: mara ya kwanza kunasa, mara ya pili kupita bure huku uzi ukivutwa juu. Ni mizunguko 11,000 kwa dakika moja, na miadi 5,500 ambayo yote imehudhuriwa. Haina kisingizio cha mvua, wala cha foleni ya barabara ya Mbagathi.

Nionyesheni mwingine mtaani kwetu mwenye tabia hiyo. Mtaa huu wenyewe ulianza kutajwa katika mpango wa kuboresha makazi mwaka 2004. Mwaka 2009 familia za kwanza zikahamia Lang'ata kupisha ujenzi, na mwaka 2016 nyumba 822 zikakabidhiwa. Simlaumu mtu, maana nyumba si mshono. Na mimi ni nani wa kunyoosha kidole? Mimi ndiye niliyemwambia mama wa watu, "Kuja Ijumaa," nikijua kitambaa chenyewe sijakikata.

Sifa ya pili ya ndoana ni unyenyekevu, yaani wangu. Januari moja, wiki ya kufungua shule, mashine ilianza kuruka mishono. Nilikuwa na rundo la sare, na kabla ya hapo nilikuwa nimepitisha suruali ya jinzi ya kijana wa bodaboda kwenye pindo lenye mikunjo minne. Sindano ilivunjika, nikatia nyingine, nikaendelea. Kuanzia hapo mshono ukawa kama meno ya mzee: mawili yapo, matatu hayapo. Nikatoa hukumu papo hapo: taimingi, yaani ile miadi ya sindano na ndoana, imepotea. Nikalala chini ya meza na bisibisi, nikalegeza skrubu zote tatu zinazoshikilia ndoana kwenye mtaimbo wake.

Nilikuwa bado huko chini nikitoa jasho aliposimama binti anayejifunza kazi kwa jirani. Alitazama kidogo, akasema kwa adabu, "Samahani fundi, hiyo sindano umeitia kinyume."

Sindano ya mashine ya nyumbani ina ubavu mmoja bapa, hata ukitaka kukosea inakukataza. Ya kiwandani ni mviringo kotekote juu, na itaingia vyovyote utakavyo, kama mgeni asiye na haya. Mfereji wake mrefu wa kupitisha uzi sharti uelekee kushoto, na kibonyeo kiangalie kulia, iliko ndoana. Yangu ilikuwa imeigeuzia ndoana mgongo. Ndoana ilikuwa inafika kwenye miadi kila mara, ikikuta kitanzi kimefura upande wa pili.

Binti aliigeuza. Lakini skrubu nilikuwa nimeshazilegeza, na taimingi, ambayo haikuwa imepotea, sasa ilikuwa imepotea kweli. Ikabidi aitwe mzee wa mashine.

"Mzee, ilikuwa inaruka," nikajitetea.

"Ilikuwa inaruka. Sasa haishoni kabisa," akasema. "Umepiga hatua."

Ni katika mikono ya mzee huyo ndipo nilipoona jinsi ndoana inavyostahili kuamkiwa. Hakugusa skrubu kwanza. Alizima mota. Akatia sindano mpya, akaisukuma mpaka juu kabisa, akautazama mfereji. Akatoa mguu wa mashine, bamba na meno yanayosukuma kitambaa, akapiga brashi vumbi la nyuzi ambalo mimi nilikuwa nikilihifadhi humo tangu Agosti. Akapapasa ncha ya ndoana kwa ukucha, akakuta pamekwaruzika pale sindano ilipovunjikia, akapasugua kwa msasa laini mpaka ukucha haukukwama tena. Kisha akazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, kuelekea kwake, huku mimi nimemulika kwa simu. Sindano ikafika chini, ikapanda zile milimita 2, naye akaisukuma ndoana kwa kidole gumba mpaka ncha ikasimama katikati ya sindano, juu kidogo ya tundu, imekaribia bila kugusa. Akakaza skrubu moja, akazungusha, akatazama tena. Akakaza ya pili, akatazama. Akakaza ya tatu.

Mwisho akakagua kile kidole cha chuma kinachozuia kikombe cha bobini kisizunguke pamoja na ndoana. Alikiachia upenyo wa uzi kupita tu. Kikibana sana uzi hukatika. Kikikosekana kikombe huzunguka kama kichwa cha mlevi, na sindano nyingine inakwenda kaburini. Akatia tone la mafuta, akashona kipande cha kitambaa cha sare, akakigeuza juu chini. Pande zote mbili zilifanana. Kazi ya saa nzima, na umbali alioisogeza ndoana haukufika upana wa punje ya mchele. Mdharau mwiba mguu huota tende, nami tende yangu nilimlipa mzee pesa taslimu.

Imebaki sifa ya tatu, ambayo mafundi wenzangu watanichukia kwa kuitoa nje. Ndoana hubeba lawama zetu. Mteja akija Ijumaa na nguo haipo, hatusemi tulikwenda matangani, wala kwamba kazi ya bwana harusi ililipa vizuri zaidi ikatangulizwa. Tunasema, "Mama, mashine imeharibika," na tunagonga kichwa cha cherehani kwa huzuni. Mama hutazama ile sindano inayong'aa, hajui kilicho chini, na huamini. Hakuna mtumishi mwaminifu kama huyo: afanye kazi, asifiwe mwingine; akosee mwingine, alaumiwe yeye.

Basi leo naitakasa hadharani. Mzazi, sare ya mtoto wako ikikosekana Jumatatu, usiilaani ndoana. Ilikuwa hapa tangu asubuhi, imejaa mafuta, inangoja mguu wangu kwenye pedali. Nawe fundi mwenzangu, mishono ikianza kuruka, liache bisibisi mezani kwanza. Itazame sindano.