Chaji Ipo, Ulizia Mapokezi

Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani, yenye betri ya kilowati-saa 40, ilipokuwa mpya ilikadiriwa kwenda kilomita 270 hivi. Mtito Andei iko karibu katikati ya safari ya Nairobi na Mombasa, ambayo yote ni kama kilomita 480. Kwenye karatasi, gari likitoka Nairobi linafika hapo. Kwa betri iliyozeeka na kiyoyozi kinachonguruma, dereva anaanza kusali kabla ya Kibwezi.

Tuseme amefika. Mwenye hoteli, kwa ukarimu wote, anamwonyesha "chaji": soketi ya ukutani, jirani na birika la chai. Ikijitahidi sana hutoa kilowati 3, kwa hiyo betri tupu itajaa baada ya saa 13 na ushee. Basi alilolipita kwa madaha limeshafika Mombasa, limeshusha abiria na kuoshwa.

Na akipata chaja ya kasi? Hapo ndipo ukoo unapoulizwa. Leaf inataka plagi ya CHAdeMO, gari la Ulaya CCS2, la Uchina GB/T. Umeme upo, gari lipo, ndoa hakuna.

Mtu apewe haki yake: mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri, na ya usiku ikawa nusu yake. Nafuu kubwa, kwa mwenye pa kuchomeka.

Wa bodaboda za umeme hawangoji soketi. Kwenye vituo vyao huacha betri iliyokwisha, huchukua iliyojaa, na dakika chache baadaye wana abiria.