Mwaka Wetu Ni Huu

Shemeji yangu wa Toronto ana imani ambayo mashekhe na maaskofu wangeitamani kwa waumini wao. Kila Oktoba, hoki ya barafuni inapoanza, huvaa jezi ya buluu ya Maple Leafs na kutangaza: "Mwaka wetu ni huu!" Timu hiyo ilitwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi, mara ya mwisho mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, ligi nzima ikiwa na timu sita. Shemeji hakuwa amezaliwa.

Msimu wa 2024/25 ndio uliomlevya. Leafs waliongoza kundi lao, wakaitoa Ottawa, kisha wakawa mbele ya Florida, mechi mbili kwa bila, katika mfululizo wa mechi saba. Akaanza kuniuliza gwaride la ubingwa litapita barabara gani. Mechi ya tano, nyumbani, wakapigwa 6-1. Ya saba, nyumbani vilevile, 6-1. Sisi tusioijua hoki tulidhani televisheni inatuonyesha marudio.

Kosa ni la nani? Kocha, mwamuzi, nyota wanaolipwa mamilioni na kupotea mwezi Mei. Hata barafu, eti ilikuwa laini. Nilipomkumbusha mechi na Boston mwaka 2013, Leafs walipoongoza 4-1 katika kipindi cha mwisho na bado wakafungwa 5-4, alininunia siku tatu.

Sasa jezi imeshafuliwa, inaning'inia mlangoni. Ukikutana naye, tafadhali, zungumzeni hali ya hewa.