Sifa za Kiroba cha Juu ya Kabati

Kiroba cha nguo zilizowabana watoto ni mali ya nyumba isiyoandikwa katika wosia, isiyotozwa kodi, na ambayo hakuna mgombea aliyewahi kuahidi kuiongeza. Katika miji ya Butembo na Beni, mashariki ya Kongo, hukaa juu ya kabati. Pasipo kabati hukaa chini ya kitanda, na mito isipotosha hugeuzwa mto. Ndani yake mna kaptula, sweta, kofia za vichanga, soksi zilizofiwa na wenzi wao, na gari la plastiki lenye magurudumu matatu. Kila anayefagia hukilaani. Siku kinapomwangukia mtu kichwani, mtu huyo huapa kwamba Jumamosi ijayo kitatolewa sadaka chote. Jumamosi hufika, kiroba hufunguliwa, nguo hukunjuliwa moja moja, husifiwa, hukunjwa upya, na kiroba hurudi juu kikiwa kizito kuliko jana. Kitu chenye subira ya namna hiyo kinastahili sifa zake zielezwe kwa utaratibu.

Kwanza nasaba, ambayo ni ya kimataifa. Nguo nyingi za humo ni mitumba. Mama fulani wa Ulaya au Marekani alikuwa na kiroba chake mwenyewe, akakichoka, akakitoa bure. Nguo zikachambuliwa, zikafungwa balo la kilo 45 hivi, zikapanda meli hadi Mombasa, zikapita Kampala, zikavuka mpaka wa Kasindi na kufika Beni, kisha kilomita 54 zaidi hadi Butembo, mji wa wafanyabiashara wasioiona Dubai wala Guangzhou kuwa mbali. Sweta iliyotolewa bure huko ilikotoka imeuzwa kwa tani, ikauzwa kwa balo, ikauzwa kwa kipande juu ya turubai sokoni, na sasa, baada ya kumbana mtoto wa pili, inarudia hali yake ya kwanza ya kuwa bure. Hakuna bidhaa nyingine iliyosafiri hivyo na bado ikabaki na unyenyekevu.

Wakubwa wamejaribu kuikata nasaba hiyo. Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019. Rwanda ikapandisha ushuru, Marekani ikaiadhibu Rwanda mwaka 2018 kwa kuinyima nafuu ya kuuza nguo huko, wengine wakalegea. Mwaka 2023 Rais Museveni wa Uganda alitangaza kuipiga marufuku, akieleza kuwa ni nguo za wafu. Kuhusu nguo za watoto maelezo hayo hayatoshi. Mwenye kaptula ya miaka minne hakufa. Alifikisha miaka mitano.

Balo huwa na mambo yake. Mara kwa mara hutoka humo suti nzito ya mtoto wa nchi ya baridi kali, yenye kofia ya manyoya na zipu kutoka kifundo cha mguu hadi kidevuni, iliyoshonwa kwa ajili ya kuchezea theluji, ikajikuta karibu kabisa na ikweta. Watu hucheka, lakini haikupotea njia sana: mawingu yakifunguka, kutoka Beni huonekana Rwenzori, ambako kilele cha Margherita, mita 5,109, kina theluji ya kweli. Isitoshe, Butembo imeinuka karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake humfanya mzazi asiulize sweta imetoka kwa nani. Beni iko chini zaidi na ina joto. Ndiyo sababu masweta hupanda kwenda kwa ndugu wa Butembo, na vigauni vyepesi hushuka kwenda Beni, bila mkataba wowote wa biashara na bila kizuizi chochote kudai chake.

Utawala wa kiroba ni wa zamu, na hapo Wanande, wenyeji wa miji hii, wamekirahisishia kazi kuliko watu wengi duniani. Kwao jina hutaja nafasi ya kuzaliwa: kwa wavulana, wa kwanza mara nyingi ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Jina ni foleni. Anayeitwa Katembo amekwisha kuambiwa, kabla hajaota jino, kwamba shati lake la kwanza limevaliwa na watu wanne. Analolipata Paluku likiwa jekundu humfikia yeye likiwa na rangi ambayo hata muuza nguo hawezi kuitaja. Dada yao wa kwanza, Masika, ana foleni yake, ingawa soksi na masweta huvuka mpaka wa jinsia bila pasipoti.

Kilele cha utawala huo ni suruali ya shule. Sare ya Kongo ni shati jeupe na suruali au sketi ya buluu, karibu nchi nzima, na kwa hiyo haimbagui mrithi kwa kuwa anasoma kwingine. Shule ya msingi ya umma ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini serikali haikuahidi suruali. Ukiigeuza ndani nje suruali ya namna hiyo utaisoma kama daftari: upindo umefunguliwa mara mbili Paluku alipokuwa akirefuka, na kila ufunguzi umeacha mstari wa buluu iliyokolea, kisha umepandishwa tena kwa ajili ya Kambale, mfupi, kwa mshono wa haraka wa usiku wa kuamkia Septemba. Goti la kushoto lina kiraka kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Uzi wa buluu ulikwisha.

Daftari hilo lina thamani kuliko linavyodhaniwa. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyoshika nafasi ya kitambulisho cha raia. Kiroba hakijawahi kuahirisha hesabu. Anayekifungua hujua watoto ni wangapi, wameachana miaka mingapi, yupi alikuwa mnene, na mwaka gani fedha zilikuwepo: nguo za mwaka huo zina vifungo vyote.

Kuhusu vitu vya kuchezea, sifa ni chache. Vile vya kiwandani huingia kirobani vikiwa majeruhi: mdoli asiye na mkono, filimbi isiyolia, kinanda cha betri chenye wimbo mmoja uliokwama, ambacho kila mzazi yuko tayari kukitoa sadaka hata usiku wa manane. Vilivyo bora haviingii kabisa. Mpira wa majani ya migomba huchezwa hadi usambaratike. Gari la waya hurudi kuwa waya. Chukudu ndogo, skuta ya mbao, mtoto wa ile inayobeba magunia barabarani, ikimshinda mmoja kwa ufupi hupandwa na anayemfuata jioni hiyo hiyo.

Utoaji una adabu zake. Kutoa ni moyo, husema watu, na kiroba huongeza kwa upole kwamba pia ni sabuni. Nguo hufuliwa, hupigwa pasi ya makaa, kifungo kilichokosekana hurudishwa. Iliyochanika haitolewi, kwa kuwa maskini si pipa la taka. Kofia ya kwanza ya mtoto wa kwanza huchomolewa kila mara na mama na kusingiziwa kwamba ina doa. Hatari kubwa ni Jumapili. Mbele ya mlango wa kanisa, katikati ya salamu, mtoto wa mtoaji humwona mwenzake ndani ya sweta yenye kulungu kifuani, naye hutangaza kwa sauti inayofika hadi kwenye kwaya: “Hiyo yangu!” Wazazi wote wanne hugundua ghafla kwamba mawingu yanaleta mvua.

Kuna nyakati kiroba kiliogopwa. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola ilipozunguka Mangina, Beni, Katwa na Butembo na kuua watu zaidi ya 2,200, nguo na matandiko ya wagonjwa yaliteketezwa, na aliyepona alitoka kituoni akiwa na mavazi mengine. Wakati huo kumpa mtu shati lililovaliwa halikuwa jambo la kufanya bila kufikiri.

Na kuna nyakati kiroba huisha kwa saa moja. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 yaanze kuandama vijiji vya Beni, na tena mwaka 2024 vita vilipofika mji wa Kanyabayonga, wadeplase, yaani waliokimbia makwao, wamekuwa wakiingia mijini, wengi wakipokelewa majumbani kwa ndugu na wasio ndugu. Tangazo hutolewa baada ya misa au ibada, na viroba hushuka kutoka juu ya makabati bila ya sherehe ya Jumamosi. Aliyekimbia usiku hana nguo za kumbana mtoto. Ana zile alizomvika. Kero ya kabati lililojaa huwapata wale tu waliolala mahali pamoja miaka ya kutosha kumwona mtoto akirefuka, na mwenye kulalamika kwamba kiroba kimemwangukia anajisifu pasipo kujua.

Nguo isiyofaa kutolewa haipotezwi. Shati hukatwa vifungo, vifungo huingia kopo, mgongo huwa kitambaa cha kudekia, mikono hushika sufuria ya moto. Kiroba chenyewe hakimo katika sadaka kamwe. Mpokeaji humwaga nguo, hukikung'uta na kukirudisha kwa mikono miwili, chini kukiwa na maharagwe au viazi kidogo, maana chombo cha mtu hakirudishwi kitupu; na mwenyewe hukipokea akisema haikuwa lazima, huku akikadiria uzito.