Taa, Chandarua, Mtu

Usinicheke, jirani. Mwenzio sasa ni mpiga picha. Kamera ni mtumba, mkanda umekatika nimefunga kamba ya kiatu, ila inapiga. Na mteja wa kwanza nimeshampata, Mama mmoja muuza mchele, anatimiza miaka 60, anataka picha ya kutundika sebuleni. Elfu thelathini. Advansi ya elfu kumi alinipa Jumatatu. Jumatatu hiyohiyo ikageuka wali na samaki kitoga.

Shida ni kwamba Mama anafunga duka magharibi. Jua linazama nyuma ya Udzungwa, mimi ndo naanza kazi. Taa za studio sina. Nikaangalia video kwa bando la kukopa. Jamaa anasema elekeza flashi darini, mwanga ugonge, urudi laini. Dari gani? Juu kwangu kuna bati na popo. Nikajaribu hivyohivyo. Mwanga ukapanda, mpaka leo haujarudi.

Basi nikaokoteza. Balbu ya chumbani, ile ya njano. Ya barazani, nyeupe. Cha kurudishia mwanga, sinia la pilau la mama watoto, nimelibeba kimyakimya. Halafu mwanga eti upitishwe kwenye kitu cheupe, kipana, usimchome mtu. Nikapasua kiroba cha mchele. Mama kukiona, maandishi ya kilo 50 pembeni ya kichwa chake, akauliza, "Mwanangu, unanipiga picha au unanipima?" Kiroba kikatoka. Nikaleta chandarua.

Hapo nilijiroga mwenyewe. Hapa ni Ifakara! Utafiti wa magonjwa ulianza hapa tangu maabara ya Waswisi ya 1956. Kampeni ya vyandarua vyenye dawa, vile vya Zuia Mbu, ilianza huku Kilombero na Ulanga miaka ya tisini. Na wataalamu wakitaka kutega mbu wanafanyaje? Wanatundika mtego wa taa pembeni ya chandarua, ndani kalala mtu. Taa, chandarua, mtu. Sasa hesabu nilichojenga mimi. Tena masika, dirisha wazi.

Walikuja. Mbu, kumbikumbi, na dude moja lenye pembe ambalo hata jina silijui. Kumbikumbi akadondosha mabawa kwenye lipstiki ya Mama. "Nitabasamu au niteme?" Nikamwambia, "Hivyohivyo, Mama, pazuri." Mungu anisamehe.

Nikatazama picha. Shavu moja njano kama ndizi mbivu, la pili buluu kama mtu aliyefia mtoni. Kumbe kila balbu ina rangi yake! Macho yanazoea, kamera haizoei. Nani aliniambia? Na mjukuu wa Mama, niliyemshikisha sinia, alishachoka, sinia linashuka taratibu, mwanga unampanda bibi yake kutokea kidevuni. Ungemwona ungetubu.

Nikasema ngoja nichomoe balbu moja. Pii. Pii. Pii. Luku! Jirani, Kihansi ni megawati 180, iko bonde hilihili. Kidatu pale megawati 204. Mimi nilikuwa na yuniti sifuri nukta tatu. Giza likatufunika. Pesa ya umeme ilikuwa wapi? Si nimekwambia, kitoga.

Mama kimya. Nasikia anajipapasa mikono, nikajua anatafuta mkoba, aondoke.

"Mwanangu."

"Naam, Mama."

"Nimekaa hapa saa nzima sijang'atwa hata mara moja. Mbu wote wamekwenda kwenye litaa lako."

"Ndiyo, Mama."

"Utakuja lini kunifungia moja chumbani kwangu?"

"Na picha, Mama?"

"Picha huyu mjukuu atanipiga na simu asubuhi, pale mwembeni. Wewe lete chandarua."

Tumepatana Jumamosi. Sinia kaondoka nalo, dhamana ya elfu kumi yake. Mama watoto hajajua bado. Ijumaa ana wageni wa pilau, na tangu asubuhi naona anafungua kabati, anafunga, anafungua.