Msafara wa Kusimama

Kikundi chetu cha Vespa za zamani kina kanuni moja tu ambayo haijawahi kuvunjwa: akisimama mmoja, wote tunasimama. Kanuni hii ilitungwa kwa nia njema, na watu ambao vyombo vyao vingi vimewazidi umri wake zao. Ndiyo maana kutoka Forodhani hadi Paje, mwendo ambao gari la shamba huumaliza kwa saa moja na ushei hata likipakia mikungu ya ndizi njiani, sisi huondoka asubuhi na adhuhuri ikatukuta hatujavuka nusu.

Jumapili iliyopita, lakini, tulitoka kwa heshima. Kanzu zimepigwa pasi, kofia za viua zimo ndani ya helmeti. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyeibuni Vespa ya mwaka 1946 huko Italia, hakuzipenda pikipiki: zinamchafua mtu nguo, na pancha yake ni shughuli. Akaificha injini ndani ya bodi, akaacha nafasi ya miguu mbele, na gurudumu la mbele akalishika upande mmoja tu, kwa mtindo wa magurudumu ya ndege. Sidhani kama alimfikiria mtu wa kanzu, lakini hakuna aliyefaidi zaidi.

Kanzu huharibiwa na jambo jengine. Injini hizi hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Kwa nyingi ya Vespa zetu asilimia 2 inatosha, yaani mililita 20 kwa lita, lakini mmoja wetu hupima kwa kikombe cha kahawa na mwengine kwa jicho. Fundi wetu, kwa kuwa ndiye muokota nati zinazodondoka, hukaa nyuma kabisa na moshi wote ni wake. Alitoka mjini na kanzu nyeupe. Kufika Tunguu ilikuwa ya kijivu.

Hapo Tunguu ndipo ya kwanza ilipozima, na starehe yenyewe ikaanza, maana kusema kweli watu hawaji kuendesha, wanakuja kutoa maoni. Plagi ikafunguliwa, ikapulizwa, ikapita mkono kwa mkono. Nyeusi tititi, imelowa: mafuta yamezidi. "Nyeupe hii, yakhe, inaungua," akasema mzee mmoja aliyesahau miwani nyumbani. Rangi ya hudhurungi ndiyo dalili ya afya, ila hiyo bado hatujabahatika kuiona. Plagi ikasuguliwa msasa, ikarudishwa, chombo kikapigwa kiki, kikakohoa, kikanyamaza.

Kijana wa bodaboda juu ya Boxer akapunguza mwendo. "Shikamooni wazee. Niwavute?"

"Marahaba. Mwambie huyo uliyempanda aje amwamkie mwalimu wake."

Kijana hakuelewa, akaenda zake. Mzee alikuwa na hoja: Bajaj, kabla ya kutoa Boxer, ilikuwa ikiunda Vespa huko India kwa leseni ya Waitaliano, miaka ya 1960. Hoja nzuri sana. Chombo hakikuwaka.

Kiliwaka baadaye, chenyewe, bila kuambiwa. Tukafika Jozani, penye matuta yaliyowekwa ili magari yasiwagonge kima punju, ambao kwao ni hapa Zanzibar tu. Juu ya tuta moja ami yangu akakata waya wa klachi. Watalii waliokuwa wakiwapiga picha kima wakageuza kamera.

Waya wa akiba ulikuwepo, wa breki. Fundi akasema Vespa bila klachi inakwenda: tia gia ya pili, isukumwe, ikishika usisimame tena. Tukamsukuma ami, ikashika, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba kanuni yetu haikumfikiria mtu asiyeweza kusimama.

"Ami, tusubiri!"

"Nisimame vipi?" Ndilo neno la mwisho tulilolisikia.

Katibu akataka ijulikane kama lile ni kosa. Kikao kikafanyika palepale kando ya barabara, na wakati kinaendelea Vespa mbili zikapoa hadi zikagoma kuwaka.

Tulipoingia Paje, ami alikuwa ameshamaliza pweza wa nazi, ameshalala kidogo, na Vespa yake iko kwenye stendi, kivulini. Tukamuuliza aliisimamishaje.

"Nimeizima," akasema. "Nyinyi hungoja zizime zenyewe."