Mjomba Anajibu: Mashangazi Watatu, Viti Vinane

*Shikamoo Mjomba. Harusi ni Jumamosi. Mstari wa mbele una viti 8, na kati ya watakaovikalia wamo mashangazi watatu wasiosalimiana. Wawili wowote wakigusana mabega, sherehe imekwisha. Nifanyeje? – Katibu wa Kamati, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuniandikia mimi, maana wenzangu wa safu hizi wangekwambia uwapatanishe. Kupatanisha mashangazi wiki ya harusi! Hao ni watu wanaotoa ushauri huku wamevaa kandambili. Mimi hata nikijibu barua ya kuku asiyetaga, navaa suti.

Hesabu sikufundishwa, nilikumbushwa tu. Kiti cha kwanza unachagua kati ya watu 8, cha pili kati ya 7, cha tatu kati ya 6, hadi abaki baba mdogo mmoja na kiti kimoja. Zidisha zote: njia 40,320. Ukijaribu kila moja kwa dakika moja, usiku na mchana, bila chai, utamaliza baada ya siku 28 kamili. Bibi harusi atakuwa ameshakonda, gauni halimkai.

Kuna dawa za mkato. Nimewahi kuagiza sufuria la pilau likalishwe kati ya wifi wawili, likiwa la moto, na likapewa kadi ya mwaliko. Kwingine nilileta viti vya kinyozi, vile vya kuzunguka, kila mgomvi akampa mwenziwe kisogo. Wakagombana kwa visogo. Mpaka leo ndio ugomvi wa kimya kuliko wote mkoani, na sifa ni zangu.

Kwako nakupa dawa ya kisomi. Usianze na mashangazi! Kosa la kamati zote ni kuwahi kumkalisha mwenye kelele. Anza na wale watano watulivu, uwapange upendavyo: njia 120. Sasa tazama nafasi walizoacha: nne katikati yao na mbili pembeni, jumla 6. Kila nafasi ni ya shangazi mmoja, asiongezwe mwingine. Wa kwanza ana nafasi 6, wa pili 5, wa tatu 4, nazo zikizidishwa ni 120. Mara 120 za watulivu, unapata njia 14,400, na katika zote hizo kila shangazi ametengwa na mwenziwe kwa angalau mtu mmoja mwenye subira.

Hapo ndipo kijana anayeshika daftari la michango atakaponyoosha mkono. Atasema tuwafunge mashangazi wote watatu furushi moja, tuhesabu njia za furushi, 4,320, tuzitoe kwenye 40,320, zibaki 36,000. Mpe soda akae. Alichoondoa ni mistari ambayo wote watatu wamebanana. Ile ambayo wawili wako bega kwa bega na wa tatu yuko mbali akiwachochea kwa macho, ameiacha yote: 21,600. Kutoa kunafaa maadui wakiwa wawili tu. Suruali zake zenyewe, kwanza, zinamwishia juu ya kifundo.

Ukumbi ukikuletea meza ya duara, jihadhari, maana pembeni hakuna. Watulivu watano wanazunguka kwa njia 24, nafasi zinabaki 5, na kwa wote wanane unapata njia 1,440 tu. Mfaransa Édouard Lucas aliandika fumbo gumu zaidi mwaka 1891: mume na mke wakae meza ya duara, wanaume na wanawake wakipishana, na asiwepo aliye jirani ya mwenzi wake. Kwa jozi tatu njia ni 12, kwa tano ni 3,120. Mwaka huohuo, karamuni, sahani ilianguka ikavunjika, kigae kikamkata shavu, na siku chache baadaye akafariki. Kwa hiyo agiza sahani za melamini. Lucas alikuwa hodari, lakini hakuwa na mtu wa kumshauri kuhusu vyombo.

Nafasi ya gazeti inakwisha. Chagua mojawapo ya zile 14,400, yoyote, andika majina, yabandike kwenye viti kwa gundi ya fundi viatu. Na uongeze kiti cha tisa mbele, nikikalie mimi. Sikuombi fadhila: nikiingia, watulivu wanakuwa sita, nafasi zinakuwa saba, na njia zako zinaruka hadi 151,200. Hakuna mgeni mwingine atakayekuletea faida hiyo. Kadi yangu iwe dabo.