Askari wa Wiki Nane

Katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji, kama ilivyo kwingi nchini, mtoto wa mbwa haletwi nyumbani alelewe. Huletwa aanze kazi. Mwenye nyumba amesikia kwamba mtaa wa pili wameiba betri ya sola, anamkumbuka rafiki yake ambaye mbwa wake kazaa, na jioni hiyo kiumbe cha wiki nane, chenye tumbo la mviringo na miguu minne ambayo bado haijakubaliana upi utangulie, kinashuka kwenye bodaboda ndani ya boksi la sabuni. Kesho yake ukutani, kando ya mlango wa uani, panaandikwa kwa rangi nyekundu inayochuruzika: MBWA MKALI. Mbwa mkali mwenyewe wakati huo amelala ndani ya kiatu cha baba, na kiatu kimebaki na nafasi. Ninachodai hapa ni rahisi kukisema na kigumu kukifuata: karibu kila balaa linalosimuliwa kuhusu miezi ya kwanza ya mtoto wa mbwa, kuanzia ndala zilizotafunwa hadi usiku usiolalika, limetokana na ajira hiyo, wala si tabia ya mbwa. Tumempa mtoto mchanga lindo la usiku bila mafunzo, bila msimamizi, kwa ujira wa ukoko, kisha tunashangaa kazi haiendi.

Tuanze na usiku wa kwanza. Analia, na nyumba hugawanyika. Saa tatu usiku wapo wanaofurahi: "Sikieni, ameshaanza kubweka." Saa nane usiku kundi hilo limevunjika lenyewe. Wala hakuna fumbo hapo. Mpaka jana alilala amebanana na ndugu zake ubavuni mwa mama yao. Leo amefungwa peke yake chini ya mwembe, na upepo wa ziwani unapita. Sisi wa Kigoma hatuna udhuru wa kutolielewa hilo. Kaskazini ya mji, kwenye ufuko wa Gombe, Jane Goodall alishuka Julai 1960 kuwachunguza sokwe, na moja ya mambo yaliyojulikana kutokana na utafiti wa pale ni kwamba mtoto wa sokwe hunyonya mpaka karibu miaka mitano, na hata akiacha kunyonya haendi mbali na mama yake. Hakuna aliyewahi kuona sokwe wa miezi miwili akipangiwa lindo. Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alizoea kusema kwamba mwalimu wake wa kwanza wa akili za wanyama hakuwa profesa wa Cambridge bali Rusty, mbwa wa utotoni mwake. Kwa hiyo sehemu ya sifa za Kigoma duniani ina deni kwa mbwa, na bado mbwa wa Gungu analazwa nje na kamba ya katani shingoni eti azoee. Anachozoea ni kulia. Mlaze kwenye boksi, karibu na mlango anapoweza kusikia watu wakikohoa, pamoja na kitambaa chenye harufu ya mama yake, na baada ya siku chache majirani wataanza tena kukuamkia.

Kuhusu ndala, wengi wameshahukumu kabla ya kusikiliza upande wa pili. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, membamba kama sindano, na anapofika miezi minne hivi yanaanza kung'oka kupisha meno 42 ya ukubwani. Fizi zinamuwasha. Anatafuta kitu laini, kilicho karibu na ardhi, chenye chumvi ya jasho, na sisi kwa adabu zetu njema za kuvua viatu mlangoni tumempangia vitu hivyo safu nzima. Kinachowaudhi watu zaidi ni kwamba hali pea. Hula ya kushoto tu, jambo lililowafanya wengi waamini kuwa ana nia mbaya. Kisha huenda kuifukia. Mji huu una historia ya kuibua vilivyozama: Wajerumani waliizamisha meli yao, Graf von Goetzen, mwaka 1916, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kufanya kazi ziwani kwa jina la Liemba. Ndala iliyofukiwa nyuma ya choo haina bahati hiyo. Dawa yake ni ya bei nafuu kuliko ndala mpya: viatu vipandishwe juu, naye apewe kamba nene yenye mafundo au tambara lililoloweshwa maji ya baridi. Kuhusu mkojo sebuleni sina mengi. Kibofu cha miezi miwili hakivuki saa mbili tatu, na anayetaka kipitilize agombane na maumbile.

Sasa dagaa. Hapa ndipo mtoto wa mbwa wa Kigoma anapotofautiana na wenzake wa Dodoma. Usiku wa giza vyombo vinatoka na taa zake, ziwa linawaka mpaka upeo wa macho, na asubuhi kinamama wa Katonga na Kibirizi wanatandaza dagaa juani, wengine juu ya vichanja, wengine bado mchangani. Hebu litazame jambo lenyewe kwa pua ya mtoto wa mbwa. Mbele yake kuna uwanja mzima unaong'aa fedha na kunuka kuliko chochote alichowahi kukutana nacho. Hali kwanza. Anasimama, pua inacheza, mkia unanyooka. Anashusha bega la kulia taratibu, shavu linafuata, kisha mgongo wote unaingia na miguu minne inatazama mbinguni. Mbwa wana tabia ya kujigaragaza kwenye kitu chenye harufu kali, na harufu kali ndiyo biashara ya ufuko ule. Akiinuka ana dagaa watatu masikioni na sura ya mtu aliyetoka saluni. Kelele inayofuata ni ya haki kabisa: "Mama, huyu si mbwa wenu? Njoo uone alivyonilalia mali!" Na mama hulipa. Lakini tujiulize nani mwenye kosa. Askari amepelekwa lindoni bila kuambiwa mali ni ipi, mipaka ni ipi, wala kwamba kulinda si kulalia. Mwezi mmoja wa kutembea naye kwa kamba, akizuiwa kabla hajafika na kusifiwa akipita bila kugusa, ungetosha. Nami niongeze pembeni kwamba wataalamu wa uvuvi wamehimiza vichanja kwa muda mrefu kwa sababu ya mchanga na uchafu. Mtoto wa mbwa yuko upande wao, ila hajaalikwa kwenye semina.

Ujira nao una matatizo. Ukoko wa ugali wa muhogo uliozungushwa kwenye sufuria ya migebuka ya mawese ni chakula cha heshima kwa binadamu. Mawese ni fahari ya mkoa, lakini tumbo la mtoto wa mbwa halina uzalendo, na matokeo yake huonekana alfajiri, kwa kawaida palipofagiliwa jana. Ndani ya mchuzi mna vitunguu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mna miiba inayokwama kooni. Ugali laini na dagaa waliochemshwa bila chumvi, kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku, havimfilisi mtu anayekaa kando ya ziwa hili.

Ila kubwa kuliko yote ni suala la msimamizi. Baba ndiye aliyemleta, kwa hiyo anadhani kazi yake imeisha. Mama hakuulizwa. Watoto wanampenda sana mchana, na ikifika zamu ya kudeki wanakumbuka kwamba ni mbwa wa baba. Siku nyingine analishwa na watu wanne, siku nyingine kila mmoja anaamini wengine watatu wameshamlisha. Mmoja anamwita Simba, mwingine Bobi, na bibi, aliyekuwa na ugomvi na jirani, amempa jina la fumbo ambalo anapenda kuliita kwa sauti akiwa amegeukia uzio. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Atakayeona nakuza mambo afike Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Wote tunajua kwamba mwaka 1871 Stanley alimkuta hapo daktari yule, lakini yupo msafiri mmoja ambaye hakufika. Livingstone alikuwa na mbwa mdogo mchangamfu, Chitane. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, msafara ulivuka bwawa la Chimbwe, maji yakiwa kiunoni na chini matope yenye mashimo. Kila mtu alikuwa anahangaika asianguke. Livingstone mwenyewe aliandika kwa uchungu kwamba alisahau kutoa agizo kuhusu mbwa, na Chitane aliogelea mpaka nguvu zikamwishia. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, nao walikuwa sahihi, ila lazima awepo mtu wa kumfikisha mahali pa kuuona. Msafara wenye watu wa kubeba kila kitu, na hapakuwa na hata mmoja aliyekabidhiwa mbwa. Nyumba ya watu saba pale Mwanga inaweza kufanya kosa hilohilo bila kuvuka bwawa lolote.

Yapo mapingamizi, na mengine yana uzito. La kwanza ni la wazee: mbwa wa Kiafrika hajalelewa na mtu tangu zamani, anajilea, na anakuwa hodari kuliko hawa wa boksi na kitambaa. Hodari ni kweli. Lakini tunawahesabu waliopona. Waliokufa kwa minyoo, kuhara na njaa kabla ya miezi minne hawaji barazani kutoa ushahidi. Na hao waliojilea wengi wao hawalindi nyumba yoyote. Wanalinda jalala, na kwa uaminifu mkubwa.

La pili ni la fimbo. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, wakiwa tayari wameshika mwiko. Methali inasema kukunja, haikusema kuvunja. Anayemkuta mtoto wa mbwa amekojoa nusu saa iliyopita akamchapa, amemfundisha jambo moja tu: kwamba yeye akiingia chumbani, kuna kipigo. Mbwa hawezi kuunganisha fimbo ya sasa na mkojo wa zamani. Atakachofanya ni kwenda kukojoa uvunguni mwa kitanda, na hapo mwenye nyumba ataripoti kwamba mbwa amekuwa mjanja. Tena sheria ipo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na haikuweka msamaha kwa waliokanyaga mkojo gizani.

La tatu linastahili heshima zaidi, maana Ujiji ni mji wa Waislamu wa siku nyingi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi huku, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wapo wanaohitimisha kwamba habari ya kulea mtoto wa mbwa haiwahusu. Mimi naona kinyume chake. Wanazuoni wameruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na Sura Al-Maida, aya ya 4, inapohalalisha windo lililokamatwa na mnyama wa kuwindia, inazungumzia mnyama aliyefundishwa. Mafunzo yamo ndani ya ruhusa yenyewe. Na nyumba yenye hofu ya kuosha sufuria mara saba ndiyo inayomwekea mbwa bakuli lake, banda lake na mpaka wake tangu siku ya kwanza, mambo ambayo nyumba zisizo na hofu hiyo hujifunza baada ya kupoteza nyama ya sikukuu.

Linabaki la gharama: tuna watoto wa kusomesha, fedha za mbwa tutazipata wapi? Ni swali la haki, na jibu langu halitapendwa. Asiyeweza kumpa mbwa chakula chake, dawa ya minyoo na chanjo, anunue kufuli. Kufuli halihitaji kula na halipati kichaa. Maana kichaa cha mbwa si jambo la kufanyia mzaha. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na wanaoumwa na mbwa mara nyingi ni watoto, walewale wanaolala naye mkekani. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake ni mpole. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba, na mara nyingi chanjo hutolewa bure siku hizo. Kwa siku zilizobaki bwana mifugo wa kata yupo. Mpeleke mbwa wako akitimiza miezi mitatu, umrudishe kila mwaka, na usisubiri mpaka aanze kubweka.